Mchapa Jezi Asiye na Timu

Mtu wa Moshi akikuuliza "wewe timu gani?", haulizi kama unayo. Anauliza ni ipi kati ya mbili. Ukimwambia huna, anacheka, halafu anakutazama vizuri usoni ajue unaficha nini. Akiwa wa Simba ataamua wewe ni Yanga mwenye aibu. Akiwa wa Yanga ataamua wewe ni Simba uliyekata tamaa. Na mimi swali hilo naulizwa kuliko ninavyoulizwa bei, kwa sababu kazi yangu ni kuchapa fulana na kubandika majina na namba mgongoni mwa jezi, kwenye kibanda kisicho mbali na soko la Mbuyuni.

Kwa muda mrefu nilijibu kufuatana na rangi aliyoshika mteja. Aliyekuja na njano nilimwambia sisi Wananchi mwaka huu hatuna mpinzani. Aliyekuja na nyekundu nilimwambia Mnyama hajafa, kajilaza tu. Niliihesabu kuwa adabu ya biashara. Shida ilikuwa pale wanapoingia wawili kwa mpigo, kila mmoja na jezi yake na swali lile lile. Hapo nilikuwa nainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakijapotea, mpaka waanze kubishana wao kwa wao na kunisahau.

Nieleze kazi yenyewe kidogo. Fulana ya pamba haina matata: unaweka fremu ya nyavu juu yake, unavuta wino kwa kipande cha mpira, unakausha, unahesabu hela. Jezi ni habari nyingine. Jezi ni poliesta, na poliesta haipendi moto. Ukizidisha joto la mashine, kitambaa kinabaki kinang'aa pale kilipobanwa, na alama hiyo haitoki hata ufue namna gani. Nyekundu ndiyo sumbufu kuliko zote. Rangi iliyomo kwenye poliesta nyekundu ikipata joto hugeuka mvuke, inapanda, inaingia kwenye herufi nyeupe ulizobandika juu. Unamkabidhi mtu jezi ya Simba yenye namba nyeupe pee, baada ya siku chache anarudi nayo namba imekuwa pinki. Shabiki wa Simba mwenye namba ya pinki mgongoni hana simile, na watani wake wa Yanga ndio kabisa. Dawa yake ni kushusha joto na kutumia malighafi yenye utando wa kijivu kwa chini, ule unaozuia rangi isipande. Mambo haya naweza kuyazungumza mpaka jioni. Jezi mpya za msimu zikitoka, wenzangu wanajadili nani kapewa namba kumi. Mimi nashika kitambaa, nakisugua kwa vidole, natazama mshono wa mgongoni kama utanikwamisha.

Ungeniuliza wakati ule ningekwambia napenda mpira, ila niko bize. Nadhani niliamini hivyo.

Tarehe 3 Juni 2023 Yanga walikuwa Algiers kucheza mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Ya kwanza, nyumbani Dar es Salaam, walikuwa wamefungwa 2-1. Jamaa zangu walinipitia dukani jioni tukaenda kibanda umiza. Asiyewahi kuingia kibanda umiza aelewe kwamba jina hilo halikutungwa kwa mzaha: benchi za mbao zisizo na mgongo, madirisha yamezibwa kwa turubai ili aliye nje asichungulie bure, na joto la watu waliobanana tangu mechi iliyotangulia. Yanga walipata penalti mapema wakafunga. Kibanda kililipuka. Nilikumbatiwa na mtu nisiyemjua aliyenuka dizeli, nikamkumbatia na mimi, ungefanyaje?

Kuanzia hapo ilibidi lipatikane bao jingine. Niliwatazama watu kuliko nilivyotazama televisheni. Kila aliyekaa pale alikuwa anacheza: bega linakwepa, mguu unapiga hewa, shingo inaruka na kona. Pembeni yangu alikaa baba mtu mzima, fundi magari, ambaye alikuwa amelikamata goti langu kwa mkono wote na sidhani alijua kuwa ni la mtu. Na mimi, katikati ya yote hayo, nilikuwa na wazo moja tu kichwani: ule wino niliufunika? Nilikuwa nimetoka kwa haraka. Fremu ya oda ya kwaya ilikuwa mezani, na wino wa maji ukikaukia kwenye nyavu, fremu hiyo ndiyo basi tena.

Mechi iliisha 1-0. Yanga walishinda, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini: wao walifunga mawili Dar, Yanga moja tu kwao. Yule fundi alilia, machozi kabisa, bila kuficha uso. Nikampigapiga mgongoni nikamwambia "pole kaka", na pole yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kama ile tunayompa mfiwa wa mtaa wa pili: unasikitika kwa sababu yeye anasikitika, marehemu hukumjua. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kibandani kwangu na tochi ya simu. Wino nilikuwa nimeufunika. Nilifurahi furaha ambayo bao la penalti halikunipa hata robo yake, na hapo hapo, nikiwa bado nimeshika kile kifuniko, nikajua kwamba mpira sina.

Sisemi siujui. Najua kuotea ni nini, najua Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, najua kwamba Simba iliitwa Sunderland mpaka 1971. Kazi hii inakulazimisha kujua. Ninachokosa ni kile kitu kinachomfanya mtu mzima akamate goti la jirani.

Mjomba wangu wa Kiboriloni anacho kwa watu kumi. Yeye ni Simba wa mwaka 1993, yaani wa fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan. Simba walitoka sare ya bila kufungana ugenini, nchi nzima ikajua kombe limekuja, halafu wakafungwa mbili bila Dar es Salaam. Mjomba alisafiri kwa basi kwenda kuona. Mpaka leo anaweza kukueleza alikaa upande gani, jua lilikuwa wapi, aliyekaa mbele yake alivaa nini, na jinsi basi zima lilivyorudi Moshi bila mtu kuomba redio ifunguliwe. Nilipoamua kuacha kudanganya, wa kwanza kumwambia alikuwa yeye.

"Mjomba," nikamwambia, "mimi kwa kweli sina timu."

Akanyamaza. Akaweka kikombe chini. "Yanga wamekupa nini?"

Nikamweleza tena, taratibu. Nikamuuliza yeye Simba anapata nini hasa, miaka yote hii. Akanitazama kwa huruma. "Kwani kwa mama yako mimi napata nini? Ni dada yangu." Mazungumzo yakaishia hapo, na sijawahi kupata jibu bora kuliko hilo kutoka kwa yeyote. Kama ndivyo lilivyo kwake, basi kweli mtu hawezi kujilazimisha. Dada hachaguliwi kwa juhudi.

Dukani mambo yalikwenda tofauti na nilivyotegemea. Nilidhani nitapoteza wateja. Badala yake walianza kunifanya mwamuzi. Wakibishana bao lilikuwa la kuotea au la, wanakuja: "Mangi, wewe huna upande, sema." Novemba 2023 Yanga walipoifunga Simba 5-1, kwa wiki kadhaa kila jezi ya njano iliyoingia ilitaka namba tano mgongoni, hata kama mchezaji wa namba hiyo mwenye jezi hamjui. Wa Simba wakaja na jibu lao: nao wakataka tano, kukumbushia ile 5-0 ya Mei 2012. Nikawachapia wote. Tano nilizokuwa nazo zikaniishia huku namba nyingine zimejaa rafuni. Sikuwahi kuona namba moja ikigombewa na pande mbili kwa hasira na furaha ya aina moja namna ile, na nilitabasamu mwenyewe nyuma ya mashine. Nilikuwa nafurahia kitu, ila sidhani kama ni mpira.

Nimefikiri sana kwa nini wengine wanacho mimi sina, na mahali pekee nilipofika ni utani. Ushabiki wetu unakula utani. Ondoa mtani, Simba na Yanga zinabaki klabu mbili za Kariakoo ambazo mtu wa Moshi hana sababu ya kuzilalia njaa. Timu ya Ligi Kuu ilipokuwa ikitumia Uwanja wa Ushirika hapa hapa kwetu, siku uwanja unafurika ni siku anayekuja ni mmoja wa hao wawili, na watu wa Moshi wanaishangilia Moshi ifungwe. Sasa mimi utani siuwezi. Nikitaniwa nanuna, nikitania naumiza. Nimekuwa hivyo tangu shuleni.

Ushahidi mwingine niliupata kwenye riadha. Moshi ina Kilimanjaro Marathon tangu 2003. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi mji unafurika, hoteli zinajaa, na mimi nachapa fulana za vikundi mpaka usiku. Watu wanadhani aliyezaliwa chini ya mlima lazima akimbie. Nimekwenda ile ya kilomita tano, nikaitembea, nikala muwa njiani. Ile barabara ya kupanda Mweka nawaachia wenyewe.

Lakini Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, niliitazama video ya mwisho wake kwenye simu nikasimama wima dukani peke yangu. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote walipewa saa 2:09:48. Ilibidi picha iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, tangu yaanze. Niliirudia na kuirudia. Nikasema basi, kumbe ninacho, kilikuwa kimejificha kwenye mbio. Nikachapa fulana yenye jina lake nikaitundika mlangoni nisubiri wateja. Wiki ile walikuja wa Simba, wakaja wa Yanga. Aliyeulizia ya Simbu ni mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya msingi, akaomba punguzo, nikampa. Simbu hana mtani. Filbert Bayi naye wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kukimbia mbele tangu mlio wa bastola mpaka mwisho, hakuwa na mtani. Tunawapigia makofi, tunawaita mashujaa, kesho yake tunarudi kubishana. Na mimi pia, nisijitoe: baada ya wiki mbili sikuwa najua Simbu anakimbia wapi tena, na sikuhangaika kutafuta. Kilichonisimamisha ni zile sekunde za mwisho. Riadha yenyewe ilibaki pale pale ilipokuwa.

Mtu akishaanza kujikagua hivi, haishii kwenye mpira.

Chukua Mwenge. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na Mwenge wa Uhuru kwa maana fulani ni wa kwetu: usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mpaka kileleni, mita 5,895, ukawaka nchi inapozaliwa. Habari hiyo nikiifikiria, ule upepo, baridi, kijana na moto mkononi gizani, mwili unanisisimka. Mbio za Mwenge zenyewe, zinazofanyika tangu 1964, zinazopita kila wilaya kuzindua miradi na kufikia kilele 14 Oktoba, haziniamshi kitu. Shuleni tulipangwa barabarani juani na vibendera, wenzangu wakiruka msafara ulipotokea, mimi nikihesabu magari. Siku hizi nachapa fulana zake, kazi nzuri, na msafara ukipita nasimama, kofia natoa. Nawajua watu, akina mama wa mtaani kwetu hasa, ambao mkesha wa Mwenge ni sikukuu yao ya mwaka: wanaimba, wanacheza, hawalali. Siwacheki. Nawaangalia kama nilivyomwangalia yule fundi magari. Fulana za vyama vya siasa nazo nachapa, za chama chochote kinacholipa nusu kabla, na zaidi ya hapo sina la kusema.

Iliyoniuma ni ushirika.

Babu yangu alikuwa na kihamba Kibosho, kahawa chini ya migomba, na kwake ushirika ulikuwa karibu na dini. Wakulima wa huku walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ile yenye jengo lake katikati ya mji mpaka leo. Babu alitunza risiti za kahawa kwenye mkebe wa biskuti, zimefungwa kwa kamba ya katani kwa miaka. Wanawe walisomeshwa na zile risiti. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, alikuwa akisimulia, alikaa muda mrefu hataki kuisikia kahawa. Viliporudishwa miaka ya 80 alivaa koti lake la kanisani kwenda kwenye mkutano wa kwanza. Koti la kanisani, siku ya kazi, kwenda kusikiliza taarifa ya mkaguzi! Nilikuwa mtoto, sikuona ajabu. Leo ndiyo naiona.

Uanachama ule ulipita kwa baba, umefika kwangu pamoja na mibuni michache ambayo mke wangu anaijua kuliko mimi. Nahudhuria mkutano mkuu wa chama cha msingi. Linasomwa kabrasha: mapato, makisio, kilo zilizokusanywa, bei ya mnadani, pembejeo. Mnada wenyewe wa kahawa uko hapa hapa Moshi, sina hata safari ya kusingizia. Nakaa, nasikiliza, nasinzia, naamka watu wakipiga makofi. Nimejaribu kumtafuta babu ndani yangu katika vikao vile. Simpati. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu kahawa hainisomeshei watoto kama ilivyomsomeshea yeye, na huenda ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba babu alikuwa mtu wa kupenda vitu vikubwa vyenye watu wengi, na mimi napenda vitu vinavyotosha juu ya meza.

Nilimweleza haya mzee mmoja jirani yetu kule Kibosho, tukiwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, ya kuzibua mfongo. Kwa asiyeufahamu, mfongo ni mfereji wa asili unaotoa maji mtoni huko juu na kuyazungusha kwenye vihamba. Wazungu wa kwanza kufika mlimani karne ya 19 waliikuta mifongo inatiririka. Kila mwaka matope na mizizi vinaziba, kila mwaka watu wanaitwa asubuhi na mapema na majembe na mapanga kuuzibua. Usipofika unatozwa faini. Usipolipa faini, zamu yako ya maji ikija utaambiwa usubiri. Mimi hufika, au hupeleka mtu na kumlipa nikiwa na oda kubwa, jambo ambalo wazee hawalipendi lakini wanalikubali.

Siku ile nilifika mwenyewe. Tulikuwa ndani ya mfereji, maji yamekatwa juu, matope mpaka kwenye vigimbi. Nikamwambia mzee kwamba nimegundua mimi ni mtu baridi: mpira sina, Mwenge sina, ushirika wa babu sina. Hakusimama kuchimba. Akauliza, "Mfongo unaupenda?"

Nikasema hapana, mgongo unaniuma.

"Mimi nina zaidi ya miaka sabini," akasema, "sijawahi kumsikia mtu anaupenda." Halafu akanionyesha kwa jembe mzizi niliouruka.

Sijui kama alikusudia kunipa somo. Nadhani alikusudia nikate mzizi. Lakini mimi nilitoka na kitu mle mferejini. Mfongo ule ni mkubwa kiumri kuliko Simba, Yanga na KNCU, na haujawahi kuwa na shabiki hata mmoja. Hauna rangi, hauna wimbo. Watu wanakuja wamenuna, wanachimba huku wanasemana, fulani kaja na jembe butu makusudi, fulani mwaka jana hakuonekana, na jioni maji yanapita. Lakini mpira ukikosa wapenzi leo jioni, kesho hakuna mpira. Yanga inahitaji yule fundi alie. Asipolia yeye na wenzake, ile ni mitaa miwili ya Dar yenye wanaume ishirini na wawili wanaotoka jasho. Mimi nilikuwa navipima vyote kwa mizani ya kibanda umiza, na mizani hiyo ilikuwa inasema sina kitu popote.

Baada ya hapo mpira niliuacha kwa amani, siendi, siigizi, na hakuna aliyepungukiwa. Mkutano wa mtaa nao, ambao nilikuwa nahudhuria kila unapoitwa huku nikijiona mnafiki kwa jinsi unavyonichosha, nikaanza kuuhudhuria bila kujidai kwamba lazima unichangamshe. Kama umewahi kukaa kwenye mkutano wa mtaa unajua. Umeitwa saa tisa, unaanza saa kumi na nusu. Viti vya plastiki vimeazimwa. Salamu za mtendaji, salamu za balozi, salamu za aliyealikwa kuleta salamu. Ulinzi shirikishi. Taka. Kisha mapato na matumizi, yanasomwa mbio kama rozari ya mtu mwenye njaa. Wenye moto wanasimama, wanasema kwa hisia mambo makubwa ya nchi, wanapigiwa makofi, wanakaa. Mimi sina moto, kwa hiyo huwa nasikiliza namba.

Kulikuwa na habari ya mtaro wa maji ya mvua, ule unaopita nyuma ya nyumba zetu. Wananchi tulichanga, ukajengwa kipande, ukaishia katikati. Mjadala ukawa mrefu na mkali, uchungu kila upande, wengine wakafika mpaka kwa ukoloni. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu la oda mifuko ya saruji iliyosomwa kununuliwa na mifuko iliyosomwa kutumika. Nikanyoosha mkono nikauliza iliyobaki iko wapi. Kimya. Mjumbe mmoja akakumbuka: imehifadhiwa stoo ya shule, ilisubiri mawe. Tukatuma vijana, ikakutwa, mitatu imeganda, iliyobaki mizima. Wiki iliyofuata yakaja mawe. Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja alinipa ndizi.

Wakanitia kwenye kamati ya mtaro, nikakubali. Baadaye wazee wawili walikuja dukani jioni kunishawishi nigombee ujumbe wa mtaa uchaguzi ujao. Hapo nilikataa, na nilikataa kwa kufikiri. Anayegombea lazima asimame mbele za watu awapandishe, awafanye waone mtaro kama kitu cha kufa na kupona, na mimi siwezi kumpandisha mtu kwa jambo ambalo mwenyewe naliona kama mtaro. Yupo kijana mmoja, bodaboda, Simba wa kufa mtu, anayejua kusema mpaka nywele zikusimame. Nikawaambia mchukueni huyo, mimi nitamshikia daftari. Walikwenda kwake. Kijana amekubali, ila ameomba vikao visiwekwe siku ya mechi, na sharti lake limepita bila kupingwa.

Watoto wangu wote wawili wanacho. Binti ni Yanga kwa mama yake, mdogo wake ni Simba kwa mjomba, na mezani kwetu Jumapili hakukaliki. Sijui waliokota wapi kiu hiyo katika nyumba yangu, na nimeacha kuuliza. Tanzania, Kenya na Uganda ndizo wenyeji wa AFCON ya 2027, na Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000. Toka Moshi ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Wameshanibana niwapeleke, nimekubali, na mjomba ameshasema atakaa nao ndani, katikati yao, asije mmoja akamuumiza mwenzake. Mimi nimeomba kitu kimoja tu, wasininunulie tiketi. Nitakuwa nje na meza ya fulana za Taifa Stars kama wachuuzi tutaruhusiwa, na tusiporuhusiwa nitashuka soko la Kilombero kuangalia vitambaa mpaka mechi iishe.